Sufuria ya kuchemshia bia nyumbani: inoksi, aliminiamu, ao shaba yetu ya Katanga?

Barza_BelAir (mwenye uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, salamu.

Tangu mwaka jana ninapika bia nyumbani, lita tano tano, kwa sufuria ya mke wangu, ile ya bukari (ugali) ya siku za wageni. Sasa amechoka, na ana haki. Juma lililopita bukari ilitoka na harufu ya hubloni, yale maua machungu ya kutilia bia, na baba mkwe alikuwa mezani. Nimeambiwa nitafute ya kwangu kabla sijaambiwa nitafute nyumba yangu.

Nataka kupanda hadi lita 20 kwa mara moja. Kimea na hubloni naletewa kutoka Afrika Kusini, vinapita Kasumbalesa, hiyo njia nimeizoea. Kimea nakiloweka kwenye mfuko niliomshonesha fundi kwa kitambaa cha pazia, ndani ya sufuria ileile, halafu natoa mfuko na kuanza kuchemsha. Kwa hiyo sufuria moja tu ndiyo inafanya kazi yote.

Nimezunguka soko la Kenya na Njanja siku mbili, nimerudi na kichwa kinauma. Kuna aliminiamu za kila namna. Kuna inoksi (chuma cha pua) zinazong'aa hadi unajitazama. Kuna mapipa yanayotoka migodini, rahisi ajabu. Na kuna fundi wa shaba ya kugongwa, wale wanaotengeneza picha za ukutani, ameniambia atanipigia sufuria ya shaba tupu kwa dola 70, "sawa zile za Babeleji". Bajeti yangu ni dola 80, nikijikaza 100. Moto wangu ni mbabula, jiko la makala (makaa), maana umeme kwetu unakuja ukitaka.

Mnipe akili.

Kamalondo_Zamani

Bia ya Simba inauzwa pale kwenye kona, ya baridi, tayari. Unajitesea nini?

Barza_BelAir

Yaya, Simba naipenda, hata sasa iko mezani. Lakini wewe mwenyewe unalima nyanya uani na soko liko mlangoni kwako.

Kamalondo_Zamani

Hapo umenishika.

Golf_Inoksi

Inoksi, basi. Hakuna mjadala. Mimi nina ya lita 50, imekuja na robine (bomba la kufungulia), kipimajoto ubavuni na alama za lita ndani. Natumia umeme, heta ya kilowati 3. Aliminiamu inaingia kwenye bia na kuharibu ubongo, kila mtu anajua. Kama pesa haitoshi, ngoja itoshe.

Maabara_Likasi

Mimi kazi yangu ni metali, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kirefu.

Nianze na mapipa, maana hilo ndilo linaloweza kuua. Pipa lililotoka mgodini huwezi kujua lilibeba nini. Huku kwetu linaweza kuwa lilibeba asidi ya salfa, ao dawa za kuelea zinazotenganisha madini na mchanga. Plastiki inanyonya na kuhifadhi. La chuma lina rangi ndani, na ukilipasha moto rangi inaachia. Lebo imekwaruzwa, muuzaji atakuapia kwamba ilikuwa mafuta ya kula. Usilitumie hata kwa maji ya kufulia nguo za mtoto. Na ndoo ao pipa la bati lenye zinki nalo uliache: maji ya kimea yana uchachu, na zinki inayeyuka humo.

Shaba. Najua moyo unavutwa, hata mkoa wetu uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na babu zetu walikuwa wakiyeyusha misalaba ya shaba kabla ya mzungu kuja. Kwa joto hakuna cha kushindana nayo: inapitisha joto karibu mara 25 kuliko inoksi. Viwanda vya bia vya Ulaya vilichemshia ndani yake karne na karne. Kiasi kidogo kinachoyeyuka hakidhuru bia, hamira yenyewe inahitaji shaba kidogo, na inapunguza ile harufu ya yai bovu. Lakini tupige hesabu. Sufuria ya lita 40 yenye unene wa milimita 2 inakula karibu kilo 10 za shaba. Miaka hii tani moja kwenye soko la metali la London inapita dola 9,000. Basi shaba peke yake ni dola 90, fundi bado hajainua nyundo. Anayekuambia dola 70 kamili, ama atakupa karatasi, ama shaba yake imeshuka usiku kutoka kwenye nguzo ya umeme, halafu mnalalamika mtaa hauna umeme. Na muulize anaunganisha kwa nini. Kama ni ile metali ya risasi ya kuchomelea redio, kimbia.

Sasa aliminiamu, ndugu wa Golf. Hiyo habari ya ubongo imezunguka miaka mingi, na haijathibitishwa kwamba sufuria za aliminiamu zinaleta ugonjwa wa kusahau. Aliminiamu ikikaa hewani na majini inajivika ngozi ya kijivu, na ngozi hiyo ndiyo kinga. Sufuria mpya unaichemshia maji matupu kama saa moja hadi mng'ao wake ufifie, halafu usiisugue tena kwa waya ikawa kama kioo. Usiioshe kwa soda kali, inaliwa.

Ila kuna aliminiamu na aliminiamu. Zile zinazomiminwa hapa mitaani kutoka vyuma chakavu, injini, betri, makopo, vyote pamoja, siwezi kukushauri. Sufuria za namna hiyo zimepimwa katika nchi kadhaa za Afrika na kukutwa na risasi. Utazijua: nzito, ndani kuna vinundu na vitundu vidogo, ukingo haulingani. Tafuta ya kiwandani, iliyovutwa kutoka bamba moja.

Golf_Inoksi

Sawa, mwalimu, ubongo nimeuondoa. Lakini bado inoksi haiogopi sabuni yoyote.

Maabara_Likasi

Inaogopa moja, na ndiyo kila mama anayo: Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Klorini inaitoboa inoksi vitundu kama sindano, hasa ukiiacha ilale humo usiku kucha. Nimeona sufuria ya bei kubwa imekufa hivyo.

Na kuhusu sumaku, maana najua atakuja mtu na sumaku. Inoksi nzuri, ile ya namba 304, haishiki sumaku. Ya 430 inashika. Lakini kuna hii ya 201, wameiongezea manganizi ili wapunguze nikeli, na yenyewe mara nyingi haishiki sumaku, halafu inapata kutu mapema kuliko 304. Kwa hiyo sumaku inakuambia ipi ukatae tu, haikuambii ipi ukubali.

Mama_Munkoyo

Mutoto wangu wa Bel-Air, mie kemia hapana. Lakini minapika munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, tangu 1994, lita 60 kila siku ya soko, na nilisha kuunguza masufuria mingi.

Angalia moto yako mbele ya kuangalia sufuria. Moto ya makala inapiga paka pa katikati. Sufuria ya chini nyepesi, ata iko ya bei, itaunguza pale pale. Kwangu iko unga ya mahindi, kwako iko sukari ya kimea, njo mubaya zaidi, juu sukari ikiungua kidogo tu, yote inakuwa na harufu ya moshi. Ile inoksi ya kungaa ya soko iko nyembamba sawa karatasi. Kamata aliminiamu ya nzito, ile bantu ya ndoa banapikia muchele. Ukiigonga na kidole inasema "du". Ikisema "tiing", acha.

Ya pili: mbabula yako ya nyumba haitaweza. Lita 30 njo kilo 30, weka kimea, weka sufuria yenyewe. Miguu itakunjama, na yote itakumwangikia. Mie niko na majiwe tatu, na juu yake vyuma ya betoni.

Ya tatu: ikisha kuchemka, usibebe. Jirani yangu alibeba na bibi yake, mukono ya sufuria ikatoka. Mpaka leo muguu yake iko na alama. Na mbabula mu nyumba yenye kufungwa, apana, apana! Ile moshi haioneke, inakamata bantu bakilala.

Barza_BelAir

Mama, asante sana. Hili la moto sikuwa nimelifikiria hata kidogo, nilikuwa natazama sufuria kama mtu anayechagua saa ya mkononi.

Sasa nikiri kosa. Jana, kabla sijasoma haya yote, nimenunua. Aliminiamu, dola 38. Muuzaji aliniambia "hii ni 40". Nimefika nyumbani, nimeimiminia maji kwa chupa ya lita moja na nusu, nikihesabu kwa vijiti vya kibiriti. Imejaa hadi ukingoni kwa lita 30. Nikarudi. Akaniangalia kwa huruma: 40 ni sentimita, papa, mdomo wake.

Maabara_Likasi

Hahaha, pole. Hakukudanganya, ni wewe hukuuliza 40 ya nini. Beba futi ya fundi nguo. Kipenyo zidisha kwa kipenyo, zidisha kwa urefu, zidisha kwa 0.785, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Yako ni 40 kwa 40 kwa kimo cha 24, inatoka 30 kamili. Ingekuwa na mdomo wa 36 na kimo cha 39 au 40, ndiyo lita 40.

Na hilo umbo la pili ndilo zuri. Mdomo mpana kama beseni unavukiza sana, unaanza na bia ya lita 20 unamaliza na asali. Ndefu na nyembamba kama mtungi, mvuke hautoki vizuri, na povu linapanda kama lifti. Kimo kizidi mdomo kidogo tu.

Kamalondo_Zamani

Mimi sijaelewa. Mtu anataka lita 20, ana sufuria ya lita 30. Tatizo liko wapi?

Barza_BelAir

Yaya, nilikuwa nawaza vilevile. Nimekaa na kalamu usiku. Ili nipate lita 20 kwenye ndoo ya kuchachushia, lazima zibaki karibu 22 kwenye sufuria, kwa sababu chini kunabaki tope la hubloni kama lita 2 ambalo silimimini. Maji yakiwa ya moto yamevimba, yakipoa yanapungua asilimia 4, basi 22 baridi ni 23 za moto. Kuchemsha saa moja kwa mdomo wangu kunapoteza lita 4. Hiyo ni 27 za kuanzia. Na mimi naloweka kimea humo humo: kilo 5 zinanyonya lita 3 hivi, na zenyewe zinachukua nafasi ya lita tatu na nusu. Jumla 33 na ushee. Katika sufuria ya 30. Na povu halijaamka bado.

Golf_Inoksi

Kwa hiyo hata 40 ni ya kubana. Nilisema 50 nikaonekana nina majivuno.

Kamalondo_Zamani

Ulionekana una majivuno kwa sababu nyingine.

Fundi_wa_Kusude

Bakubwa, mie niko na atelye ya kusude, kuchomelea vyuma, pembeni ya soko ya Kenya. Kila mwezi muntu anakuya na sufuria ya inoksi anasema "nisudie robine". Minakataa kwa wema yake. Bageti, ile fimbo ya kuchomelea, ya chuma ya kawaida ukisude nayo inoksi, pale pa kusudia patashika kutu mu wiki mbili. Inaomba bageti yake ya inoksi, ao ile mashini ya gazi ya argoni, na muntu mwenye kuyua. Aliminiamu njo usiseme, inatoboka mbele ya kushika.

Fanya hivi: toboa tu tundu, sentimita mbili na kidogo, vya kutosha robine ya nusu inchi. Pitisha robine, ndani nati, inje nati, katikati raba. Inafungwa na ufunguo, inafunguliwa siku ya kuosha. Lakini raba iwe ya silikoni, ile nyekundu ao nyeupe. Bantu banakata mu shambere ya kinga, ule mupira ya ndani ya baiskeli. Ikichemka inanuka kinga, na bia yako itanuka kinga. Tundu weka sentimita tatu kutoka chini, ili tope ibakie.

Barza_BelAir

Fundi, robine ya shaba nyeupe ao ya njano, kuna tofauti?

Fundi_wa_Kusude

Ya njano iko na risasi kidogo ndani yake. Ukiweza inoksi, kamata inoksi. Ukikosa, ata bila robine utaishi. Mama wa munkoyo hana robine.

Mama_Munkoyo

Niko na kopo na mukono.

Maabara_Likasi

Kopo linafanya kazi, ila subiri ipoe kwanza, ndugu. Ukichota ya moto unapata alama kama ya jirani ya mama.

Nirudi kwenye moto, maana mama ameongea jambo ambalo vitabu vya Ulaya vinalipita. Sisi tuko kwenye mita 1,200 na zaidi. Maji yetu yanachemka kwenye digrii 96 hivi, siyo 100. Kwa bukari haijalishi. Kwa bia, inajalisha mambo mawili: uchungu wa hubloni unatoka taratibu zaidi, na ile harufu ya mahindi ya kopo inayotoka kwenye kimea cheupe inachelewa kuondoka. Mimi nachemsha dakika 75 hadi 90 badala ya 60. Na kifuniko kikae pembeni muda wote wa kuchemsha, kwa sababu harufu hiyo inaondoka na mvuke. Ukifunika inadondoka tena ndani.

Na sasa hesabu ya makala. Kupandisha lita 27 kutoka digrii 20 hadi 96 kunahitaji nishati kama kilowati-saa 2.4. Kuvukiza lita 4 tu kunahitaji 2.5. Yaani kugeuza lita 4 kuwa mvuke kunakula zaidi ya kuchemsha sufuria nzima! Ndiyo maana mdomo mpana wa sufuria unakutoa makala bila wewe kujua. Mbabula ya kawaida inaweza kupoteza nne ya tano ya moto wake hewani, kwa hiyo andaa kilo 3 hadi 4, na nusu kilo uishike pembeni, imeshawaka, ya kuongeza. Ukiongeza makala meusi katikati ya kuchemka, sufuria inalala dakika kumi.

Golf_Inoksi

Nikiri na mimi basi. Jumamosi delestaji, ule mgao wa umeme, imenikuta dakika ya 20 ya kuchemsha. Lita 28, kimya. Nimekaa natazama kipimajoto changu cha ubavuni kikishuka. Mke wangu akaleta mbabula, na sufuria yangu ya dola 180 chini yake ni nyembamba, ikaungua duara kama sahani. Bia imechachuka vizuri, lakini ina ladha ya samaki wa kuchoma.

Mama_Munkoyo

Nilisema "tiing".

Golf_Inoksi

Ulisema, mama.

Kamalondo_Zamani

Kuna mtu Ruashi anauza yale mapipa ya inoksi ya kiwanda cha bia, ya lita 50, ameyakata juu. Si ndiyo dawa? Nene, inoksi ya kweli.

Maabara_Likasi

Chuma chake ni kizuri kabisa, sikatai. Lakini yale ni mali ya kiwanda, yanakopeshwa tu kwa baa. Ukinunua bila karatasi umenunua kesi. Na kabla ya kukata, lazima presha itolewe yote, kuna watu wamepasukiwa usoni. Achana nayo.

Barza_BelAir

Wapendwa, ripoti.

Nimepata. Mama mmoja Kamalondo aliyekuwa anapika kwenye ndoa ameacha kazi, anauza vyombo. Aliminiamu ya kiwandani, chini nene kama noti kumi zilizolaliana, imeshakuwa ya kijivu ndani kwa miaka ya mchele. Nimepima kwa futi mbele yake: mdomo 40, kimo 40. Lita 50. Nimeigonga, ikasema "du". Dola 60. Ile ya 30 nimebaki nayo ya kupashia maji ya kusuuzia kimea, kwa hiyo hasara imepata kazi.

Jumapili nimepika. Kwenye barza, mafiga matatu, vyuma vya betoni. Mambo ninayowaachia, yameniuma mimi ili yasiwaume ninyi:

Mfuko wa kimea usiuache uguse chini moto ukiwa unawaka. Pazia ni plastiki, limeyeyuka ukubwa wa sarafu. Safari ijayo nageuza sahani ya inoksi chini yake.

Povu. Hata na lita 50, nimeongeza makala kwa ujasiri na likapanda hadi vidole vinne kutoka ukingoni kwa kufumba na kufumbua. Nimelipulizia maji baridi kwa kile kichupa cha kupigia pasi, likashuka. Bila hivyo lingezima moto na kuniachia gundi kwenye mafiga.

Nimechonga kijiti cha mwiko, nimetia alama kila lita 5 kwa kisu. Kimeshinda alama za ndani, na hakikugharimu kitu.

Kupoza ndiko kumenishinda. Nimeiacha sufuria ndani ya beseni la maji, nimebadilisha maji mara sita, saa mbili na nusu. Sasa Juni hii usiku ni wa baridi, imenisaidia. Novemba nitafanya nini?

Fundi_wa_Kusude

Kuya na mita kumi ya tuyo ya shaba, ile ya friji, mpya. Nitaikunja mviringo, unaiingiza mu sufuria, maji inapita ndani. Pale njo shaba yetu inaingia.

Maabara_Likasi

Itumbukize dakika 15 kabla ya kuzima moto, ichemke nayo, itakuwa safi. Na uioshe kila mara hadi ile rangi ya kijani isionekane, hiyo ni sumu.

Barza_BelAir

Fundi, Jumatano nakuja.

Mama_Munkoyo

Na ile machicha ya kimea unaipeleka wapi? Kilo tano ya bure, usitupe. Niko na nguruwe mbili Katuba, tuma mutoto na kinga, mie nitamupa munkoyo ya baridi.

Barza_BelAir

Mama, iko kwenye ndoo tangu Jumapili, imeanza kunuka kidogo.

Mama_Munkoyo

Nguruwe haulizaki. Tuma leo.